RAM imejaa na hujafungua kitu, sasa nani anaila?

Kuna swali naulizwa mpaka nimelizoea. Eti kompyuta yangu ina RAM ya GB 8, nikiwasha tu na kufungua Task Manager naona memori iko asilimia 70 na sijafungua chochote, je ina vairasi? Na kabla sijajibu unakuta mtu keshaambiwa na mwingine aongeze RAM, na mwingine keshamtumia linki ya programu ya kusafisha RAM, na wa tatu kamwambia apige Windows upya kabisa. Wote wametoa dawa na hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo memori imeshikwa na nani. Mimi msimamo wangu ni huo tu, usinunue kitu na usifute kitu mpaka ujue anayekula ni nani, na mara nyingi kumjua ni kazi ya dakika chache ukijua pa kuangalia.

Tuanze na hiyo asilimia yenyewe maana inawatisha watu bure. Asilimia 70 kwenye mashine ya GB 4 ni hali ya kawaida kabisa, Windows 11 yenyewe mahitaji yake ya chini kabisa ni GB 4, sasa hapo unategemea ibaki nafasi gani? Lakini asilimia 70 kwenye mashine ya GB 32 ambayo imewashwa sasa hivi na imetulia tu, hapo kuna jambo. Kwa hiyo soma GB, achana na asilimia. Mashine ya GB 8 yenye Windows ya siku hizi ikiwaka na kutulia ikawa imeshika GB 3 au 4, hiyo iko sawa, endelea na kazi zako.

Halafu kuna wale wanaojibu eti hiyo ni cache tu usijali. Hapana bana. Kwenye Linux hilo jibu mara nyingi ni sahihi na nitafika huko, lakini kwenye Windows ile asilimia ya Task Manager haihesabu vitu vilivyowekwa akiba. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory, utaona chini kuna In use, Available, Committed, Cached, Paged pool na Non-paged pool. Akiba iko kwenye Cached na sehemu kubwa yake imo ndani ya Available, yaani programu yoyote ikihitaji inapewa hapo hapo. Huduma inayoitwa SysMain, zamani ikiitwa Superfetch tangu enzi za Vista, ndiyo inayoangalia unapenda kufungua nini na kuvitayarisha mapema. Watu wanaizima kwa sababu walisoma mahali kwamba inakula RAM, wakishaizima asilimia inabaki pale pale maana haikuwa ikihesabiwa humo, basi wanaishia kuwa na programu zinazochelewa kufunguka kuliko mwanzo.

Sasa namba ambayo mimi naangalia kwanza ni Committed. Pale inaandikwa namba mbili zimetenganishwa na mkwaju, tuseme 14.2/15.8 GB. Ya kwanza ni jumla ya memori ambayo Windows imeshaziahidi programu, ya pili ni mwisho wa uwezo wake wa kuahidi, na huo mwisho ni RAM yako jumlisha pagefile.sys, ile faili iliyoko kwenye diski ambako Windows inahamishia vitu RAM ikibana. Ni kama siti za basi zilizokatiwa tiketi, abiria hata kama hajapanda ile siti huwezi kumpa mwingine. Ndio maana unaweza kukuta mtu analalamika kompyuta inamwambia memori imeisha, programu zinajifunga zenyewe, na akiangalia Available anaona bado kuna GB 2 hazijaguswa. Ukimdodosa unakuta alizima pagefile kwa sababu aliambiwa ukiwa na RAM ya kutosha haina kazi au eti inachosha SSD. Iwashe. Iache Windows iipangie ukubwa yenyewe. Kwa kweli huu ushauri wa kuzima pagefile sijui kwa nini haufi, umezunguka miaka yote na unaleta shida ile ile.

Namba nyingine nzuri iko kwenye Resource Monitor, andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia kisha nenda Memory, kuna safu inaitwa Hard Faults/sec. Hiyo inakuonyesha ni mara ngapi kwa sekunde programu inakwenda kutafuta kitu kwenye RAM inakikosa inabidi kikasomwe kwenye diski. Ikiruka juu unapofungua programu mpya halafu ikashuka haina neno. Ila ikiwa iko kwenye mamia muda wote na mashine inakwama kila ukibadilisha dirisha, hapo memori haitoshi kweli, na kama bado unatumia diski ya kuzunguka badala ya SSD utaisikia mpaka masikioni.

Haya, umeshaona kuna tatizo la kweli. Nenda Processes, bonyeza kichwa cha safu ya Memory ili wanaokula zaidi wapande juu. Kwa watu wengi hapa juu kabisa atakuwa amekaa brauza, na wengi wataishia hapo hapo.

Brauza inasemwa sana vibaya na mimi huwa naitetea kidogo. Chrome tangu ilipotoka mwaka 2008 ilijengwa hivi kwamba kurasa zinagawanywa kwenye prosesi tofauti tofauti ili moja ikianguka isiangushe zote, na mwaka 2018 baada ya yale mambo ya Spectre, ule udhaifu wa prosesa unaoweza kuvujisha siri zilizoko kwenye memori, wakawasha kwenye kompyuta kitu cha kutenganisha saiti moja na nyingine hata zikiwa ndani ya ukurasa mmoja, na Google wenyewe walisema wazi kwamba hiyo inaongeza matumizi ya memori kwa kama asilimia 10 hadi 13. Ni gharama ya usalama, saiti ya ajabu ajabu isichungulie nywila zako za ukurasa wa pembeni. Kwa hiyo kuona Chrome imejiorodhesha mara 25 kwenye Details hakumaanishi imeharibika.

Cha kufanya ni kuangalia ndani yake. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, itafunguka Task Manager yake yenyewe inayoonyesha kila ukurasa na kila kiongezi kinakula kiasi gani. Kwenye Firefox andika about:processes kwenye sehemu ya anwani. Na hapa ndipo watu wanashtuka, maana walidhani mkosaji ni ule ukurasa wa video kumbe ni kiongezi cha kutafuta kuponi walichokubali wenyewe miaka iliyopita bila hata kusoma kimeandikwa nini, au ni ukurasa mmoja wa barua pepe ambao haujawahi kufungwa wala kurifreshiwa tangu kompyuta iwashwe. Kurasa zinazojisasisha zenyewe, za chati, za barua pepe, za mitandao ya kijamii unayoskroli bila mwisho, zinanenepa kadiri zinavyokaa. Ukibonyeza F5 tu zinarudi chini. Na tangu mwishoni mwa 2022 Chrome ina kitu cha Memory Saver kinacholaza kurasa usizozigusa, Edge nayo ina ya kwake, washa hiyo halafu ziweke kwenye orodha ya kutolazwa zile saiti ambazo hutaki zilale, la sivyo utakuja kulalamika kwamba ukurasa uliokuwa umeuacha umejipakia upya.

Kitu kimoja ambacho watu hawakihesabu ni kwamba programu nyingi za chati na za kuandikia kodi siku hizi zimejengwa kwa Electron, maana yake ndani ya kila moja kuna Chromium nzima, yaani ile brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake. Kwa hiyo mtu ana brauza moja iliyofunguliwa na programu tatu za chati, kwa upande wa memori huyo ana brauza nne. Kama ile programu ina toleo lake la ndani ya brauza, tumia hilo. Na uende Startup apps uzime vyote ambavyo hukumbuki kuviomba viwake na kompyuta, hiyo haihitaji maelezo.

Sasa mbali na brauza, kuna tofauti ya programu kubwa na programu inayovuja. Programu ya kuhariri video ikishika GB 6 wakati unahariri video, hiyo ndiyo kazi yake. Programu inayovuja inaomba memori, ikimaliza kazi haiirudishi, inaomba nyingine, hivyo hivyo mpaka jioni. Kuitambua usiangalie ukubwa, angalia mwendo. Nenda Details, bonyeza kichwa cha safu yoyote kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Select columns, ongeza Commit size na Handles. Andika namba asubuhi, uandike tena mchana, uandike tena jioni, ukiwa umefanya kazi zile zile. Ikiwa kuna programu inapanda tu na haishuki hata ukifunga mafaili yote ndani yake, umeshampata. Safu ya Memory ya kawaida inaweza kukudanganya hapa kwa sababu inaonyesha tu kile kilichopo kwenye RAM muda huo, na kile ambacho Windows imeshakihamishia kwenye pagefile hakionekani, unaweza kukuta programu inaonekana ina MB 200 kumbe Commit size yake ni GB 5.

Hayo yote ni mepesi. Pale pagumu ni hapa: unajumlisha programu zote kwenye Processes unapata labda GB 2.5, lakini In use inasema GB 6.8. Hizo GB 4 na ushee ziko wapi? Hakuna programu inayozidai, huna cha kufunga. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kupiga Windows upya.

Kuna mama mmoja wa uhasibu tuliwahi kufanya naye kazi, mashine yake ya mezani ilikuwa na GB 8 na ilikuwa inaganda kila ifikapo saa za mchana. Fundi wa kwanza kaja akamwambia aache kufungua mafaili mengi ya Excel, akaacha, ikaganda vile vile. Aliponiita aliniambia maneno ambayo yalinipa nusu ya jibu. "Mwanangu, jana nimeizima kabisa nikaenda nyumbani, leo nimeiwasha tu sijagusa kitu na tayari imejaa." Nikamuuliza, mama uliizima au uliiristati? "Niliizima, si ni kitu kile kile?"

Si kitu kile kile, na hili linawapiga watu wengi. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na kwenye mashine nyingi kinakuja kikiwa kimewashwa tayari. Ukibonyeza Shut down, Windows inafunga programu zako lakini kerneli yake, yaani kile kiini chake, pamoja na draiva zote, yaani vile vijiprogramu vinavyoendesha vifaa, haizifungi, inazihifadhi kwenye diski kama zilivyo, kesho ukiwasha inazirudisha vile vile ili iwake haraka. Kwa hiyo kama draiva ilikuwa imeshika memori isiyoirudisha, inaamka nayo. Ukienda Performance halafu CPU utaona Up time inasema siku kibao wakati wewe unazima kila jioni. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Tukaristati mashine ya mama, asilimia ikashuka mpaka chini ya 40, akafurahi sana akadhani tumemaliza. Nikamwambia bado, hapo tumejua tu kwamba anayekula yuko huko chini kwenye draiva, kesho kutwa atakuwa amejaza tena.

Nikaacha Task Manager wazi kwenye Memory nikawa napita kila nikipata nafasi. Non-paged pool, ile namba ya chini kabisa ambayo hakuna anayeitazama, kwa kawaida inakaa kwenye MB mia kadhaa. Ya mama iliendelea kupanda taratibu, kabla ya siku kuisha ilishavuka GB 1, na siku ile aliyoniita kabla hatujaristati ilikuwa imepita GB 3. Non-paged pool ni memori ya kerneli na draiva ambayo hairuhusiwi kabisa kuhamishiwa kwenye diski, kwa hiyo ikivimba inakunyang'anya RAM halisi na hakuna programu yoyote itakayoonekana kuimiliki. Ndio maana jumla ilikuwa haikubali.

Kumpata mwenyewe kuna kifaa cha Microsoft kinaitwa PoolMon, kinakuja ndani ya Windows Driver Kit. Unafungua Command Prompt kama administreta, unaandika poolmon /b ili kikupangie kwa baiti, halafu unabonyeza P mpaka safu ya Type ibaki Nonp tu. Utaona kila mstari una alama ya herufi nne inaitwa Tag, halafu Allocs, Frees, Diff na Bytes. Allocs ni mara ngapi imeombwa memori, Frees ni mara ngapi imerudishwa, Diff ni tofauti yake, yaani zilizoombwa na bado hazijarudi. Draiva yenye afya Diff yake inapanda inashuka. Kwenye ile mashine mstari wa juu kabisa Diff ilikuwa inapanda tu huku tumekaa tunaangalia, na kila tukifungua saiti yoyote inaruka zaidi, tukichomoa waya wa intaneti inatulia tuli. Hapo hata kabla ya kuendelea unajua ni kitu cha mtandao.

Ile Tag ukishaipata unaingia kwenye folda ya C:\Windows\System32\drivers unaandika findstr /m /l kisha hizo herufi nne kisha *.sys, kitakuletea majina ya draiva zenye hizo herufi ndani yake. Wakati mwingine kinaleta majina kadhaa inabidi uchuje, wakati mwingine Tag ni ya Windows yenyewe na mkosaji kajificha nyuma yake, lakini kwa mama lilitoka jina moja, la draiva iliyokuja pamoja na programu ya kupanga spidi ya intaneti, vile vinavyowekwa na watengenezaji wa mazabodi eti gemu zako zipewe kipaumbele. Mhasibu na gemu wapi na wapi. Tukaitoa ile programu yote pamoja na draiva yake, tukaweka draiva kavu ya kadi ya mtandao bila mbwembwe, tukaristati. Non-paged pool ikakaa kwenye MB mia mbili na kitu na ikabaki humo humo wiki iliyofuata. Excel zake akafungua anavyotaka.

Kama Non-paged pool yako iko kawaida na bado jumla haikubali, pakua RAMMap, ni moja ya vile vifaa vya Sysinternals alivyoanzisha Mark Russinovich na mwenzake Bryce Cogswell mwaka 1996 kabla Microsoft hawajavinunua mwaka 2006. Ni bure na havihitaji kuinstoli. Ukurasa wake wa kwanza unakupa mchanganuo wa RAM yote bila kuacha kitu. Angalia mstari wa Driver Locked, ukiwa mkubwa sana mara nyingi ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yako, ya Hyper-V au nyingine. Kama unatumia WSL2 utaona kwenye Task Manager kuna kitu kinaitwa vmmem kimeshika memori nyingi, hiyo ni Linux yako ndani ya Windows, na kwenye matoleo ya sasa inaruhusiwa kufika mpaka nusu ya RAM yako usipoiwekea mpaka. Tengeneza faili linaitwa .wslconfig kwenye folda yako ya mtumiaji, andika [wsl2] na chini yake memory=4GB, halafu wsl --shutdown, imeisha. Wadevelopa wengi wanalalamikia Windows kumbe ni kontena zao wenyewe walizozisahau zikizunguka.

Na kuna wale ambao RAM yao haijaliwa na mtu, haipo tu. Umeweka GB 8 lakini Windows inakuandikia 5.9 usable. Angalia Hardware reserved pale kwenye Memory. Kiasi fulani kuchukuliwa na kadi ya picha iliyojengewa ndani ya prosesa ni kawaida, hasa kama kwenye BIOS imepangiwa GB 2. Lakini ikiwa ni nyingi zaidi ya hapo chomoa RAM usafishe miguu yake uirudishe vizuri, na pia andika msconfig, nenda Boot, kisha Advanced options, hakikisha kisanduku cha Maximum memory hakina tiki. Kuna makala za kuongeza kasi zinawaambia watu wakitiki kile. Hakiongezi chochote, kinapunguza tu. Na kama Windows yako ni ya biti 32, basi hata uweke GB 16 itatumia chini ya GB 4, hapo hakuna ujanja zaidi ya kuweka ya biti 64.

Sasa zile programu za kusafisha RAM. Nyingi zinachofanya ni kimoja, zinaiamuru kila programu iachie memori iliyoshika, Windows inazitoa inaziweka pembeni, asilimia inashuka ghafla kutoka 80 mpaka 45 na wewe unaona kazi imefanyika. Sekunde chache baadaye kila programu inaanza kuvitafuta vitu vyake tena, vingine vimeshaandikwa kwenye diski, na hapo ndipo kompyuta inakuwa slo kuliko kabla hujasafisha. Na ile programu yenyewe ya kusafisha imekaa pale chini kwenye kona muda wote ikila RAM. Kwa kesi ya mama wa uhasibu isingegusa hata MB moja, maana haiwezi kufika kwenye Non-paged pool. Kama unayo itoe leo.

Windows 10 na 11 tayari zina njia yao, zinabana memori ambayo haijaguswa muda mrefu badala ya kukimbilia diski, ndiyo ile unayoiona kwenye mabano pembeni ya In use imeandikwa Compressed. Mac walishaanza hilo tangu OS X Mavericks mwaka 2013. Na kwa watu wa Mac sina mengi, fungua Activity Monitor, nenda Memory, tazama grafu ya Memory Pressure, ikiwa ya kijani usiangalie namba nyingine yoyote.

Kwa Linux, andika free -h na usiangalie safu ya free, angalia available. Linux inajaza RAM kwa akiba ya mafaili kwa makusudi, kwa hiyo free itakuwa ndogo siku zote na wageni wote wanashtuka siku ya kwanza. Available ndiyo makadirio ya kiasi ambacho programu mpya inaweza kupewa, kerneli yenyewe inayatoa tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Ikiwa available nayo imekauka na programu zinapotea zenyewe bila hata kusema kwaheri, andika dmesg uone kama kuna OOM killer aliyepita, yule wa kerneli anayeua programu memori ikiisha, atakuwa ameandika jina la programu aliyoiua. Ila aliyeuawa sio lazima awe mkosaji, anachaguliwa kwa kiasi kikubwa kutokana na ukubwa wake, anaweza kuwa database yako isiyo na hatia wakati anayevuja ni kijiprogramu kingine pembeni.

Haya, na kuongeza RAM je? Kuna wakati ndilo jibu, sikatai. Fanya kazi zako za siku ya kawaida, siku yenye kazi nyingi kabisa, halafu angalia Committed ikiwa juu kabisa iko ngapi. Kama kazi zako halali zinafika GB 13 na una RAM ya GB 8, na umeshahakikisha hakuna anayevuja, nunua bila kujiuliza, weka 16. Kama inaishia GB 6 na mashine bado nzito, tatizo lako liko kwingine, labda diski, na RAM mpya haitabadilisha kitu.

Kabla ya kununua rudi pale pale kwenye Memory, Slots used inakuambia nafasi ngapi zimetumika na Speed inakuambia spidi ya iliyopo. RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5 hata uisukume vipi, kata yake iko mahali tofauti. Mbili zinazofanana zikikaa kwenye nafasi ambazo kitabu cha mazabodi kimesema zinafanya kazi kwa jozi na hiyo inasaidia hasa kama huna kadi ya picha ya pembeni. Ukishazipachika andika mdsched, chagua iristati na ipime hapo hapo, ikikuta kosa hata moja irudishe dukani siku hiyo hiyo, RAM yenye kosa itakuharibia mafaili kimya kimya na utakuja kumlaumu kila mtu. Ikipita, angalia kama Hardware reserved haijaruka na Windows inaziona GB zote ulizolipia.